Nilisubiri ya Tatu

Siku jirani yangu Abdulatifu alipowasha mashine yake mpya ya kusaga, honi iliyokuwa karakanani kwangu ililia mara kumi na moja kabla ya saa sita mchana. Mara zote kumi na moja nilikimbia. Mara zote nilimkuta mke wangu, Yasinta, ameegemea mito kitandani, anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na kunitazama.

"Baba Flora, umeanza mazoezi ya mbio?"

"Hukubonyeza?"

"Nibonyeze nini? Si unaona nakula."

Ulikuwa mwezi wa tano. Tulikuwa tumerudi kijijini Makote kutoka hospitali ya Mkomaindo, alikolazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa moyo. Tulipoondoka nilielezwa waziwazi: siku pumzi ikimkata, ainuliwe akae wima, apewe kidonge chini ya ulimi, ndipo litafutwe gari. Dakika tano za mwanzo ndizo zenye maana. Kujiinua mwenyewe asingeweza, na sauti isingetoka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza vitu kutoka kwenye mabaki ya vitu vingine: kengele inayoniarifu tangi la maji ya mvua likikaribia kujaa, kikaushio cha korosho chenye feni ya gari bovu. Kwa hiyo nilimtengenezea Yasinta kengele. Kitufe kilitoka kwenye rimoti ya gari. Nilikitia uzi akakivaa shingoni. Kipokezi kilikaa karakanani, yaani kwenye ghala letu la zamani la korosho, hatua themanini kutoka chumbani. Ndani ya boksi lake mlikuwa na betri, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, honi ya pikipiki, na kihesabio nilichokitoa kwenye redio ya kaseti, vile vigurudumu vitatu vyenye tarakimu nyeupe. Kila ishara ilipofika, taa nyekundu iliwaka na gurudumu la mwisho likasogea nafasi moja. Tak.

Yasinta alibonyeza kwa dole gumba la kulia. Dole hilo lilikuwa na doa jeusi la mafuta ya maganda ya korosho, alizozibangua tangu utotoni kwao Chilangala. Ngozi ya pale ilikuwa imekufa. Hakukisikia kitufe, ilimbidi akitazame ili ajue amekibonyeza.

Jioni ile Abdulatifu alikuja kuomba radhi. Nilimweleza kwamba mota yake ilikuwa inatoa cheche, na kipokezi changu kilizidhani ishara.

"Kumbe mashine yangu inakupigia hodi, mwalimu!" alicheka. "Ikaribishe basi, ipe hata chai."

Ni Yasinta aliyetoa ufumbuzi. Alisema kama mzaha.

"Kifundishe adabu hicho kidude chako. Kwetu ukiitwa mara moja huitiki. Ukiitwa mara mbili huitiki. Kisicho na mwili hakifiki mara ya tatu. Mtu ndiye anayeita mara tatu."

"Hayo ni mambo ya kwenu Chilangala."

"Ya Chilangala, ndiyo. Sisi wa Chilangala leo hatujakimbizwa na mashine ya unga."

Nilicheka, lakini usiku nililifikiria, na kiufundi lilikuwa na akili. Cheche huja moja moja. Kesho yake niliandika maelekezo mapya: honi isilie mpaka ishara tatu zifike ndani ya dakika moja. Yasinta alibonyeza mara tatu, honi ikalia, akapiga makofi.

"Haya! Kompyuta yako imekuwa Mmakonde."

Sikujiuliza mtu aliyekatwa na pumzi anaweza kubonyeza mara ngapi.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa sita umeme ulikatika tangu asubuhi. Mashine ya Abdulatifu ilikuwa kimya. Hilo nililijua, nililijua nikiwa nimekaa pale pale. Saa kumi na dakika ishirini jioni nilikuwa nalehemu, kwa umeme wa sola, waya za kifaa cha maonesho ya shule.

Tak.

Taa iliwaka. Niliinua macho.

Tak.

Niliitazama honi. Nilisubiri ya tatu.

Risasi ya kulehemia ilikuwa imeyeyuka vizuri na sikutaka ipoe. Niliinama tena.

Nusu saa baadaye nilimpelekea chai. Alikuwa amelala ubavu, ngumi ya kulia ameikaza kifuani.

Mama yake, Veridiana, alifika kutoka Chilangala kabla ya giza. Hakupiga kelele. Alikaa mkekani kati ya wanawake, akaniita karibu, akanong'ona.

"Baba Flora. Mwanangu aliita?"

"Hapana, mama. Hakuita."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi alikwenda usingizini."

Niliona mabega yake yanashuka. Nilijiambia nimesema vile kwa ajili yake.

Siku tatu baada ya mazishi nilikitafuta kitufe, nisikione. Nilimuuliza Stamili, jirani yetu, aliyekuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha.

"Kile cha uzi?" Alitazama nyuma yake kwanza. "Tulimwacha nacho. Ngumi ilikataa kufunguka, Baba Flora. Tulikanda kwa maji ya moto, ikakataa. Mama yake akasema, mwacheni nacho."

Makaburi yapo kilomita tatu kutoka kwangu. Kitufe kile hakivuki mita mia moja. Nilikipima mwenyewe.

Siku ya tisa, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa karakanani nikipanga vifaa vya kugawa.

Tak. Tak.

Kihesabio, nilichokirudisha kwenye sifuri baada ya mazishi, kilisoma 002.

Nilikirudisha tena. Nilitoka nje kusikiliza. Mashine ya Abdulatifu ilikuwa imefungwa. Yeye alikuwa ameketi kibarazani akinisalimia kwa mkono. Kesho yake, saa ile ile: Tak. Tak. Niliing'oa antena. Kesho yake: Tak. Tak. Nilitoa betri.

Siku ya kumi na mbili niliketi mbele ya boksi likiwa wazi, betri ikiwa mfukoni mwangu. Jua lilikuwa bado kali mlangoni. Gurudumu la plastiki lilisogea. Hakuna kilicholisukuma. Likatulia. Likasogea tena.

Kati ya pigo la kwanza na la pili zilipita sekunde nne. Siku ile pia zilikuwa nne. Ningewezaje kuzihesabu, kama sikuwa nasikiliza?

La tatu halikuja. Halikuja siku yoyote, na kila asubuhi nilikuta kihesabio kimejirudisha kwenye sifuri. Nilikuwa nasubiri, na kila nikisubiri nilijikuta nimeshika chuma cha kulehemu, cha baridi, bila kukumbuka nimekichukua saa ngapi.

Siku ya thelathini sikuingia karakanani. Niliifunga kwa kufuli, nikarudi ndani, nikafungua chumba chetu.

Boksi lilikuwa juu ya mto wake.

Sikuligusa. Nilianza kulala sebuleni. Jioni ikifika nilikaa uani na kuvumilia. Ukuta wa matofali hauzuii sauti ndogo, kinyume na nilivyofundisha darasani.

Arobaini tuliifanya Jumanne. Ndugu walikaa uani, wanawake wanaosha masufuria, Abdulatifu akiwachekesha wazee. Veridiana aliniita chumbani tuzigawe nguo za marehemu. Niliingia nyuma yake. Aliketi kitandani, akaliona boksi juu ya mto.

"Hiki ndicho kile kidude?"

"Ndicho, mama."

"Mbona umekilaza hapa?"

Alikunja kitenge kimoja, akakifungua, akakikunja tena.

"Leo ndiyo tunamaliza, Baba Flora, nami sitakuuliza tena maisha yangu. Mwanangu aliita?"

Saa ya ukutani mbele yangu ilikaribia saa kumi na dakika ishirini. Niliiona. Ningeweza kusema.

"Hapana, mama."

Tak.

Mikono yake ilisimama.

Sekunde nne.

Tak.

"Mbili," alinong'ona. "Kina betri?"

"Hakina."

Aliziba mdomo kwa kitenge. Alikuwa anafanya nilichofanya mimi. Alikuwa anasubiri. Tulisubiri wote wawili, mimi nimesimama, yeye ameketi, na nilielewa kwamba ingekuwa hivi kila siku. Kesho. Mwakani. Mbili, halafu kimya.

"Aliita, mama," nilisema. "Aliita mara mbili. Niliiona taa. Nilijua mashine ya unga haifanyi kazi. Nilisubiri ya tatu."

Hakulia. Hakunitukana. Aliligeukia boksi, na aliponong'ona, hakuwa akisema nami.

"Mimi ndiye niliyekufundisha. Mara tatu. Nilikuchapa kwa kuitika ya kwanza."

Tak.

Tarakimu zilisoma 003.

Kisha honi ikalia. Honi ya pikipiki, ndani ya chumba kilichofungwa, haina waya wenye umeme hata mmoja. Uani watu walinyamaza. Sufuria lilianguka. Honi haikukatika. Nilitaka kukimbia nje. Veridiana alinikamata kiganja.

"Itika."

"Mama..."

"Ameshafika tatu. Itika, baba."

Nilijaribu mara mbili.

"Naam," nilisema. "Naam, Mama Flora. Nakuja."

Honi ilinyamaza.

Abdulatifu alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. "Mwalimu, kuna nini? Ni ile kengele?" Aliliona boksi limefunguka, nafasi ya betri tupu, waya zimening'inia. Alifungua mdomo kama mtu mwenye mzaha wake tayari. Akaufunga. Akarudi nyuma bila kugeuka.

Tangu siku ile kihesabio hakijasogea. Kinasoma 003. Nimebonyeza kitufe chake cha kurudisha sifuri, nimejaribu kuvizungusha vigurudumu kwa bisibisi. Havizunguki.

Veridiana aliondoka kesho yake asubuhi. Nilimsindikiza barabarani nikiwa nimebeba mfuko wa nguo za binti yake. Sikumwomba msamaha, kwa sababu sikujua sentensi ingeanzaje. Alipokuwa anapokea mfuko, aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza mwangani, akaliinamia dole gumba. Kisha akaurudisha taratibu, kama mtu aliyeokota kitu akagundua si chake.

Ndipo nami nikaona. Ni doa jeusi, la ukubwa wa kitufe. Nimelisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe. Halitoki.

Sijawahi kubangua korosho maisha yangu yote. Ngozi ya pale imekufa. Nikibonyeza kitu, inanibidi nikitazame.