Pengo Kando ya Jeneza

Jumanne ile ya Agosti 1998 ilianza kama Jumanne nyingine yoyote mjini Kisii. Mvua ilikuwa imeosha barabara. Mikokoteni ya ndizi iliteremka kuelekea Daraja Mbili, wenyewe wakipigiana kelele za njia. Ndani ya studio ya picha ya Kirit, Andrew, mpiga picha wake, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, akitafuta mtu wa kuziba pengo.

Kirit aliinunua kompyuta hiyo mwezi wa pili, pamoja na skana na programu ya kuhariri picha, na tangu siku hiyo Andrew hakutulia. Kwa miaka sita alikuwa mtu wa filamu. Alikipenda chumba cha giza, taa yake nyekundu, harufu kali ya dawa, na ile dakika ambapo uso huchomoza majini polepole kama mtu anayerudi kutoka mbali. Hata huko alikuwa mtundu. Aliwahi kupiga fremu moja mara mbili, fahali akaonekana amesimama juu ya paa la kanisa. Sasa Khushi, binti wa Kirit aliyemaliza chuo Nairobi, alikuwa amemfundisha kumkata mtu kwenye picha moja na kumsimamisha katika nyingine.

"Cheza na picha zako," Kirit alikuwa amemwonya. "Za wateja usiguse. Mtu amekuja na sura yake, mrudishie sura yake. Nikikupata, Andrew, utarudi kwenu kuchuma chai."

Picha iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa ya mteja.

Jumamosi iliyotangulia Andrew alikuwa amekwenda mlimani, upande wa Itumbe, kupiga picha za mazishi. Eric, kijana wa miaka ishirini, alikuwa ameanguka shambani na hakuamka tena. Kama ilivyo desturi, jamaa walipanga safu nyuma ya jeneza lililo wazi wapigwe picha ya mwisho na marehemu. Baba yake, Cleophas, alisimama upande wa kichwa. Mama yake, Persis, alisimama katikati. Na kando ya Persis palikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja, halafu ndipo safu ikaendelea.

Pengo hilo lilimkera Andrew kama ubeti uliopungukiwa mizani. Kulikuwa na kasoro nyingine pia. Jua lilikuwa mgongoni mwake, basi kivuli chake mwenyewe kilianguka kwenye nyasi chini ya picha, kichwa na viwiko vilivyoinua kamera. Hicho alikikata upesi. Pengo ndilo lililobaki.

Akamkumbuka Bathsheba.

Bathsheba alikuwa mjane, jirani wa Cleophas. Mwezi wa tano alikuja studio kupiga picha ya kitambulisho, akitokea moja kwa moja kuuza majani ya chai, kikapu cha kuchumia kikiwa bado mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Andrew alimwomba asimame uani ampige nyingine ya bure.

"Na hiki kikapu?" Bathsheba aliuliza akicheka. "Unataka waseme nimehama?"

"Nacho, omong'ina, mama yangu. Ndicho kinachopendeza."

Alisimama wima, mikono imekutana kifuani, macho yametulia. Ungedhani aliumbwa kwa ajili ya safu ile. Andrew alimkata taratibu, ukingo wa leso, ukingo wa kikapu, akamtia kwenye pengo. Picha ikakamilika. Hakufikiria zaidi ya hapo. Ni jirani yao, alijiambia, na katika umati wa mamia nani atakumbuka alisimama wapi?

Aliichapa kwa ukubwa wa kutundikwa sebuleni, akaitia katika bahasha ya Cleophas pamoja na zile nyingine, iwe zawadi.

Kitu kimoja alikisahau. Kila mtu katika picha ile alikuwa na kivuli nyuma yake kwenye ukuta wa nyumba. Bathsheba hakuwa nacho.

*

Alhamisi, saa tano, Cleophas aliingia studio bila kubisha wala kusalimu. Alikuwa na wanaume wawili, waliobaki mlangoni. Aliilaza picha juu ya kaunta, karibu na mkono wa Kirit aliyekuwa akihesabu filamu.

"Hii picha ulipiga wewe?"

"Ndiyo, mzee," Andrew alijibu.

Kidole cha Cleophas kilitua juu ya leso ya Bathsheba. "Huyu alikuwa amelazwa hospitali Jumamosi. Goti. Wiki nzima. Kanisa lote lilienda kumwona." Sauti yake ilishuka ikawa mnong'ono. "Kwa nini yuko kwa mazishi ya mtoto wangu?"

Andrew aliinama juu ya picha, kama anayeiona mara ya kwanza.

"Mama Eric ndiye aliyeona kwanza," Cleophas aliendelea. "Alisema, hana kivuli. Nikatazama. Hana. Halafu akaniuliza, amebeba nini kwa kikapu?" Aliigonga picha kwa kidole. "Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, mwanangu. Ni kamera ilimwona, ama ni mkono wa mtu?"

Kirit aliacha kuhesabu. Alimtazama Andrew juu ya miwani.

Neno moja lingetosha. Andrew alilijua, lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Lakini aliuona mlango wa studio ukifungwa nyuma yake, kompyuta ikibaki ndani, na yeye akipanda mlima na kikapu chake mwenyewe.

"Kamera huona kilichopo, mzee," alisema.

Cleophas aliikunja picha mara nne, akaitia mfukoni. Nje, mmoja wa wale wanaume alitamka neno moja tu, *omorogi*, mchawi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya juma.

*

Usingizi haukumjia. Alfajiri Andrew alichukua picha ya Bathsheba aliyoipiga uani, akaning'iniza kamera shingoni kwa mazoea, akaondoka. Angewaonyesha. Angesema yote, kazi ipotee ikitaka.

Saa tatu asubuhi aliuona moshi.

Alikimbia kupita mashamba ya chai. Hakukuwa na mtu hata mmoja akichuma. Walikuwa wote uani kwa Bathsheba, wanaume kwa wanawake, majirani, wanakwaya. Jikoni kwake kulikuwa kumeshika moto, na nyasi za paa zilikuwa zikidondoka vipande vipande. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa mbele ya mlango wa nyumba kubwa, kamba ya kikapu chake imefungwa mikononi. Mguu mmoja ulikuwa umevunjwa. Ulielekea kusikoelekea miguu. Kinywa chake kilijaa damu, lakini kilikuwa kinasema, polepole, neno kwa neno.

"Muulizeni mpiga picha. Yeye ndiye aliyenisimamisha."

"Huyu hapa," mtu alisema. Njia ikafunguka.

Bathsheba aligeuza uso. Alimtambua. Andrew aliona matumaini yakipita katika macho yale, wazi kama taa iliyowashwa.

"Waambie, mwanangu," alisema.

"Ni mimi," Andrew alianza. "Ni mimi ndiye..."

Kitu baridi kiligusa shingo yake chini ya sikio. Panga. Aliyelishika hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anatafuna muwa.

"Wewe ndiye nini?"

Upepo uligeuka, moshi ukawapita wote. Andrew aliishika kamera kifuani.

"Ndimi niliyepiga picha."

"Basi piga tena," Cleophas alisema. "Iwe ushahidi."

Wakamnyanyua Bathsheba, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakamwingiza ndani. Hakupiga kelele hadi mlango ulipofungwa kwa nje. Kisha alipiga. Persis alitupa kwenye paa mwenge wa kwanza. Andrew aliinua kamera kwa sababu panga lilikuwa bado pale, akabonyeza mara moja. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Ndani, sauti ilipanda, ikapanda, ikawa si sauti ya mwanamke tena, wala ya mnyama. Halafu ikakatika ghafla.

Watu walikaa kimya. Katika kimya kile Andrew alisikia, karibu kabisa na bega lake la kushoto, kamba ya kikapu ikilia kwa uzito.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

*

Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Jumatatu mchana Andrew alijifungia katika chumba cha giza na ile filamu. Aliichapa fremu ya mwisho chini ya taa nyekundu. Nyumba ilichomoza majini. Miale ya moto ikafuata, halafu migongo ya watu. Chini kabisa, kwenye nyasi, kivuli chake mwenyewe, viwiko vimeinuliwa.

Kando yake, bega kwa bega, kivuli kingine.

Kilikuwa kifupi, na mgongoni kilikuwa na kikapu.

Aliitupa picha kwenye beseni. Akaichapa ya pili. Kilikuwepo. Ya tatu. Kilikuwa kimesogea karibu zaidi.

Alitoka mbio hadi kwenye kompyuta, akaiweka negativu kwenye skana. Khushi alimkuta akisugua kioo kwa kielekezi, akinakili nyasi za pembeni na kuzipandikiza juu ya kile kivuli, jasho likimdondoka kidevuni.

"Unafuta nini?"

"Uchafu."

"Andrew, hilo ni umbo la mtu."

"Ni uchafu, nimesema."

Alimaliza. Nyasi zilikuwa safi. Kivuli chake kilibaki peke yake, kama kawaida. Alihifadhi kazi, akabonyeza kuchapa. Karatasi ilitoka taratibu, mstari kwa mstari, na Khushi ndiye aliyeichukua. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Umefuta kivuli kisicho chenyewe," alinong'ona.

Kwenye karatasi, kivuli chenye kikapu kilikuwa palepale. Cha Andrew hakikuwepo.

Alihitaji hewa. Alisukuma mlango, akatoka. Jua la saa nane lilikuwa kali, barabara imejaa watu. Watu wote walikuwa na vivuli, hata mbwa na nguzo za simu. Andrew aliitazama sakafu ya saruji mbele ya miguu yake. Ilikuwa nyeupe.

Aliinua mkono, akaushusha. Saruji ilibaki nyeupe.

Mwanamke mmoja alikuwa akiijia studio kuchukua picha zilizobaki za mwanawe. Alisimama hatua tatu mbele yake, akatazama chini. Alikuwa Persis.

"Hana kivuli," alisema.

Alisema polepole, bila kupaza. Hata hivyo wachuuzi walisikia. Habari za mlimani zilikuwa zimeshafika mjini, na kila mtu alijua maneno hayo yana maana gani. Mduara ulijifunga. Jiwe la kwanza lilimpata kinywani, likamvunja meno. La pili, gotini. Aliyemtupia hilo alikuwa mteja wake. Andrew alikuwa amempiga picha za harusi.

"Khushi," Andrew aliita, damu ikimtoka kinywani. "Waambie. Waambie ni kompyuta."

Khushi alikuwa mlangoni, karatasi bado mkononi. Mwanaume mmoja alimgeukia kwa upole. "Dada, huyu mnakaa naye humu. Ni mtu?"

Khushi aliitazama saruji. Kisha mawe. Nyuma yake baba yake alikuwa tayari amelishika lango la chuma.

"Mimi sijui," alisema.

Lango lilishuka. Ndani, Khushi alisikia vishindo vikitua juu ya mwili, vizito, bila haraka. Alisikia tairi likiburutwa. Akasikia mafuta yakimwagwa. Sauti ilipanda, ikapanda, halafu ikakatika ghafla.

*

Studio ilifunguliwa tena baada ya wiki mbili. Mahali pale mbele ya mlango palipigwa saruji mpya. Asubuhi ya kwanza, Khushi aliifuta kazi yote ya Andrew kutoka kwenye kompyuta, pamoja na ile picha ya mazishi ambamo alimtia Bathsheba kwenye pengo. Kisha akaitafuta ile negativu ya mazishi ya Eric, ya asili, ambayo hakuna programu iliyowahi kuigusa. Alitaka kuliona pengo lenyewe, basi. Alitaka kuhakikisha kwamba lilikuwa tupu.

Aliichapa nzima, bila kukata kitu.

Jeneza lilichomoza kwanza, kisha Cleophas na Persis.

Pengo halikuwa tupu. Andrew alikuwa amesimama ndani yake, mikono imekutana kifuani, kinywa kimevunjika. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe.

Khushi aliinyanyua karatasi kwa koleo. Andrew ndiye aliyepiga picha hii. Jua lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha.

Alishusha macho hadi chini kabisa, kwenye nyasi, kwenye ule ukingo ambao Andrew aliukata. Kivuli cha mpiga picha kilikuwa pale, kichwa na viwiko vilivyoinua kamera.

Mgongoni kilikuwa kimebeba kikapu.