Nilituma Wanawake Saba Wakalalamike Dukani kwa Mdogo Wangu

"Usiende huko, utaumia bure!"

Msusi wa jirani alinishika mkono katikati ya barabara. Lakini nilikuwa nimeshaona...

Kibao kipya, rangi haijakauka. MABEGI YA SHULE. Mlango wake unatazamana na mlango wa karakana yangu!

Ndani, mafundi wangu wawili, WANGU, wamekaa kwenye cherehani wanakanyaga kana kwamba mimi nimeshazikwa.

Na aliyesimama kati yao na futi shingoni ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kutunga uzi kwenye sindano.

"Nyoka wewe!" nikampigia kelele.

Akainua macho taratibu.

"Shikamoo, dada."

Jamani, kuna shikamoo inauma kuliko kofi! Sikuitikia.

Sasa msianze kunionea huruma, subirini kwanza niwaambie ukweli wote.

Wiki mbili kabla ya hapo, mama mmoja alikuja karakana kwangu na begi limekatika mkanda. Mtoto wake alikuwa amebeba vitabu kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwambia mwanao mtundu, mfunze adabu.

Mdogo wangu akadakia mbele ya watu.

"Dada, si mtoto. Mikanda yetu haidumu. Kwa nini tusiwaulize na wateja wengine?"

Nilimvua aproni palepale. Nikamsukumia nje, na mkoba wake nikautupa ukamfuata.

"Nenda kawaulize huko barabarani!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao.

Mimi nilikuwa na sheria yangu: mteja anayelalamika hatafuti begi, anatafuta ugomvi. Akinitumia ujumbe wa malalamiko, nausoma mpaka mwisho, nasonya, halafu namfungia namba. Walikuwa wameshapita mia mbili. Simu hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mdogo wangu.

Mafundi walikuwa wakinong'ona juu yangu. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo walivyokuwa wakisema. Nilijua na sikujali, maana nilikuwa na shule.

Shule ya mtaani kwetu ina wanafunzi mia nne. Miaka mitatu mfululizo mabegi yao yote nimeshona mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilisha, hawa wa mmoja mmoja walikuwa chumvi tu. Na baada ya wiki sita mwalimu mkuu angechagua fundi wa mwaka unaofuata. Nikiikosa shule, nafunga mlango. Basi.

Mdogo wangu naye akabandika karatasi ukutani kwake:

BEGI LIKIKUUDHI LILETE. ALIYELISHONA ATALIFUMUA MBELE YAKO.

Nilidhani ni mbwembwe. Kumbe kweli! Mteja analetewa kiti, anapewa maji. Fundi aliyeshona anaitwa kwa jina, anafumua kwa mkono wake mwenyewe, anashona upya huku mwenye begi anamtazama. Bure!

Nilivyoona hivyo nikacheka mpaka nikashika mbavu. Huyu mtoto amenikabidhi kisu mwenyewe!

Nikawaita wanawake saba: msusi, wifi yangu, na mashoga zangu watano. Nikawapa kazi ya kununua mabegi kwake, kila mtu lake. Walipoyaleta, nikayaingiza ndani, nikachukua wembe...

"Mabegi saba, kila moja na kasoro yake," nikawaambia. "Mmoja akitoka mwingine anaingia. Afumue mpaka vidole vitoke damu!"

Wifi akakuna kichwa. "Sasa tukifika tuseme nini? Huyu mtoto ana akili, atatushtukia."

Hapo ndipo nilipojiona nina akili kuliko wote. Nikafungua simu yangu. Zile meseji za walalamikaji zilikuwepo zote. Nikawasomea, wakazikariri neno kwa neno.

"Mkanda mwembamba, unamkata mwanangu bega mpaka anapata alama."

"Zipu inang'ata karatasi kwenye ile kona ya kulia."

"Kitako cha begi kinanyonya maji, mtoto akiliweka sakafuni daftari zote zinalowa."

Saba. Mabegi nikayachana palepale meseji zilipotaja. Wala sikuhangaika kutafuta, begi linakofia nilikujua miaka yote.

Wakaenda. Mimi nikavuta kiti mlangoni kwangu nikatazama sinema.

Siku ya tatu fundi mmoja alitupa mkasi chini, nikamsikia anafoka, "Nimechoka! Hawa watu wanatuchezea!" Mdogo wangu akauokota, akakaa mwenyewe kwenye cherehani. Macho yamevimba, kidole kimefungwa kitambaa.

Nikampigia makofi kutoka ng'ambo!

Ndiyo, mdogo wangu. Nilimpigia makofi akilia, na nilisikia raha. Siwafichi.

Wiki sita zikaisha. Tukaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mimi na yeye, kila mtu na begi lake. Wazazi wa kamati walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Wifi naye alikuwepo, watoto wake wanasoma pale.

Mwalimu mkuu hakuanza na maswali. Alipigilia misumari miwili mikubwa ukutani, akayatundika mabegi yetu, akaanza kutia vitabu. Kimoja huku, kimoja kule...

Kitabu cha tisa, mkanda wangu ukalia. Cha kumi na moja, begi likaanguka chini, puu! Zipu ikafunguka yenyewe, vitabu vikatawanyika mpaka miguuni mwa wazazi.

La mdogo wangu lilikuwa limetulia tu ukutani. Mikanda mipana yenye sponji. Zipu nene, kona imeviringishwa. Kitako cha turubai, safu mbili.

Mwalimu mkuu akalimwagia maji kitakoni, akapitisha mkono ndani. Pakavu!

"Umejifunza wapi haya yote kwa wiki sita?" akamuuliza.

Mdogo wangu akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

"Kwa wateja saba, mwalimu."

Nikamtazama wifi.

Akatoka nje, akarudi amekumbatia mabegi saba, akayaweka mapajani mwangu moja baada ya jingine. Yote yameshonwa upya.

"Haya ni ya kwako, dada, wenzako waliyaacha kwangu. Si wewe uliyeyanunua?"

"Mimi? Unanisingizia!"

"Dada. Wifi yako ni wifi yangu pia! Ulidhani sitamjua mke wa kaka yangu?"

Wifi akainamisha kichwa.

"Na uzi uliokatwa kwa wembe naujua, nimeshona kwako miaka mitatu. Siku ya kwanza tu nilijua ni uongo. Nikataka kuwafukuza. Lakini nikasikiliza maneno yao... Ile habari ya zipu kung'ata karatasi kona ya kulia mtu hatungi, dada. Hiyo ni ya mtu aliyeumia kweli. Nikajua umefungua ile simu yako."

"Mdogo wangu..."

"Nilikuomba maneno hayohayo ukanitupa nje na mkoba wangu. Halafu ukaniletea mwenyewe mpaka mlangoni, bure, na makofi ukanipigia! Asante, dada. Sijawahi kupata mteja bora kuliko wewe."

Wazazi walicheka. Kile kicheko nilikitambua, ndicho nilichocheka mimi siku ile ya aproni.

Shule ikaenda. Mwezi uliofuata nikauza cherehani, nikafunga mlango. Sikwenda kuomba msamaha na yeye hakuja kunitafuta. Asubuhi nikipita na kikapu ananisalimia kutoka ng'ambo, shikamoo dada, kwa adabu zote, mafundi wakisikia. Anajua inavyoniuma, ndiyo maana hajawahi kuacha.

Wenye biashara mnaosoma hapa, nawaambia nikiwa na uchungu: anayelalamika bado anakutaka. Alikuwa anaweza kwenda zake kimya, lakini amekaa akakuandikia kasoro yako ilipo. Usipoifanyia kazi wewe, kuna mtu wa jirani ataifanyia.

Juzi nilitaka kuanza upya, kwa cherehani moja ya kuazima. Nikawafungulia namba wote, zaidi ya mia mbili. Nikawaandikia mmoja mmoja kwa heshima: "Samahani sana kwa begi. Naomba uniambie lilikuwa na tatizo gani, nilirekebishe."

Nimengoja siku nne. Amejibu mmoja tu.

"Nani mwenzangu?"