Kiti cha Mke wa Nishimori

"Samahani, hapa ni kwa Bwana Nishimori?"

Chizuru alifungua mlango nusu. Mbele yake alisimama mwanamke asiyemjua, midomo kaipaka rangi nyekundu, mkono mmoja mfuko wa mabalungi, mwingine mwavuli mweusi. Mwavuli huo aliujua. Mpini wake aliufunga yeye mwenyewe kwa utepe wa bluu, mumewe asije akausahau kwenye tramu.

"Aliuacha kwetu Alhamisi."

"Kwenu wapi?"

Mwanamke alisita. "Kwani hajakwambia?"

"Dada, nimekuuliza. Kwenu wapi?"

Morihiko akatokea nyuma yake, taulo shingoni. Alipomwona mgeni, uso ulimshuka.

"Dada Tsukada! Nilikuomba usije!"

"Umeomba mengi wewe. Uliomba na kiti cha mkeo. Wiki ya nne hii tunakitazama kitupu, unasema anaumwa. Nimemletea mgonjwa matunda."

"Mgonjwa ndiye mimi?" Chizuru akauliza.

Tsukada alimwangalia kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akamgeukia Morihiko na kutikisa kichwa.

"Shemeji, mimi ni mlevi. Mwaka wa kumi na moja sijaonja. Tuna kikundi cha kuacha pombe, ukumbi wa kata, kila Alhamisi. Mume na mke wanakaa pamoja. Mengine muulize huyu."

Akaweka mabalungi na mwavuli kizingitini, akaenda zake.

Chizuru alifunga mlango kwa kishindo. Akaenda kwenye droo ya jikoni, akatoa karatasi na kuibamiza mezani. Ilikuwa fomu ya talaka. Upande wake ulishajazwa na kupigwa muhuri wa jina lake, badala ya saini.

"Ina miezi miwili humo. Umebaki muhuri wako tu."

"Chizuru, siku ya ishirini na sita leo sijanywa."

"Najua hunuki! Nilidhani unatafuna mnanaa kwa ajili ya hawara! Watu wa ukumbi mzima wanajua unaacha pombe, mimi ninayelala na wewe sijui?"

"Nilitaka nipate kwanza kikundi kinachonifaa."

"Kinachokufaa! Umekuwa unachagua viatu?"

"Cha kwanza hawatajani majina ya kweli. Nikajiita Sato. Basi kila wiki Sato anaacha pombe, mimi nakunywa. Cha pili nikamkuta mhasibu wetu wa ofisini, nikatorokea mlango wa chooni."

"Na hiki?"

"Hapa unataja jina lako, na mkeo yuko pembeni. Ukidanganya, anakohoa, ukumbi wote unajua."

"Ndiyo ukawaambia naumwa!"

Morihiko aliinamisha kichwa. "Niliogopa utakachosema."

"Uliogopa! Ulianguka mbele ya jeneza la baba yangu, Morihiko! Nikafuta matapishi yako nikiwa na nguo za msiba, shangazi zangu wananitazama. Hilo huliogopi, unaogopa mdomo wangu?"

Chizuru alikunja karatasi.

"Alhamisi nakuja. Nakaa saa moja tu, sizidishi. Saa kumi na mbili na nusu jioni nikute umekaa. Nisipokukuta, utaipiga muhuri karatasi hii bila neno."

"Naapa..."

"Usiape. Uwepo tu."

Alhamisi saa tisa alasiri simu yake ikalia. Ujumbe wa Morihiko:

"Bosi ametangaza karamu ya mkurugenzi mpya leo jioni. Kikombe cha kwanza nimepangiwa mimi."

Chizuru alicheka kwa uchungu. Katika mji wa Kochi nani hakijui kile kikombe? Kina tundu kitakoni, unaliziba kwa kidole, huwezi kukitua mpaka ukimalize. Mkubwa anakunywa, anakujazia, nawe unakunywa. Anayekikataa anajifukia mwenyewe.

Akajibu neno moja: "Sawa."

Akatia karatasi kwenye mkoba. Njia nzima kwenye tramu alikuwa anapanga matusi.

Aliposukuma mlango wa ukumbi, Morihiko alikuwa amekaa. Tai shingoni, jasho limemchuruzika hadi kwenye kola. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Kabla hajakifikia, simu ya Morihiko ililia. Sauti ya bosi ilisikika hadi mlangoni.

"Nishimori! Uko wapi? Mkurugenzi ameshika kikombe, kidole tunduni, anakusubiri wewe!"

"Samahani sana, bosi. Siji."

"Huji? Unaumwa?"

Neno moja tu, "ndiyo", na kazi yake ingesalimika. Kikohozi kilikuwa tayari kooni mwa Chizuru.

"Hapana, bosi. Siumwi. Mimi ni mlevi. Niko kwenye kikao cha kuacha pombe. Nilimwahidi mke wangu anikute hapa."

Bosi akasema taratibu: "Kile cheo nilichokuahidi, Nishimori, kisahau. Na kesho uje kwangu kabla hujagusa meza yako."

Simu ikakatwa. Morihiko akamnyooshea mkewe mkono. Chizuru hakuushika. Alivuta kiti, akakaa, mkoba akauweka sakafuni.

"Shemeji," Tsukada akasema kwa upole, "tuanze na wewe?"

Chizuru alisimama tena.

"Naitwa Chizuru Nishimori. Siumwi."

Mzee mmoja akaguna, wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nina hasira. Hasira ya miaka tisa. Nilimwambia nitakaa saa moja tu."

Akamtazama mumewe.

"Haitatosha."