Mshono Hula Kitambaa

Fundi vigae hakuwa mtu wa kubahatisha. Ukimwonyesha chumba, alitoa futi mfukoni, akapima, akafumba jicho moja, kisha akakutajia idadi ya vigae. Mtaani walimsifu kwa hilo, na sifa alizipenda kuliko chai.

Jumamosi hiyo hakwenda kazini. Alikaa mezani na mkewe, na mbele yao kulikuwa na mashati matano ya marehemu baba yake. Tangu mzee afariki, mama yake Fundi alihamia kwao. Alilala amekumbatia shati moja la mumewe, na kila asubuhi alisema baridi humwanzia miguuni. Ndipo mke wa Fundi akapata wazo. Wayakate mashati, wayaunge na kitambaa kipya cha bluu, wamshonee mama mfarishi, yaani shuka nene la viraka la kujifunika. Mama mwenyewe alikubali, akalitoa na lile la kifuani.

"Kitanda chake kinataka sentimita mia na sitini kwa mia mbili," alisema mke. "Kila kiraka sentimita ishirini. Ni viraka themanini. Arobaini vya mashati, arobaini vya bluu. Tununue mita ngapi za bluu?"

"Hiyo ni hesabu ya sakafu," alisema Fundi. "Niachie mimi."

Alipiga hesabu ya eneo, kama afanyavyo kazini, akaenda dukani akanunua mita moja na nusu. Upana wa kitambaa ulikuwa sentimita mia na ishirini. Kwa hesabu yake kingetosha na kubaki. Kwenye vigae huongeza vichache kwa ajili ya kuvunjika. Hapa hakuongeza kitu, maana kitambaa hakivunjiki.

Mke aliondoa pindo za kiwandani, zile kingo ngumu za pembeni, akaikata ile bluu. Vilitoka viraka thelathini na vitano, na pembeni kikabaki kipande kirefu chembamba.

"Mume wangu, vitano viko wapi?"

"Vimo humo kwenye kipande kilichobaki."

"Haya, vitoe nikuone."

Fundi alikigeuza kile kipande huku na huku. Kilikuwa kirefu kweli, lakini upana wake haukufika sentimita ishirini. Aliona haya.

"Wewe anza na mashati," alisema. "Bluu nitaongeza."

Mke alishika mkasi, kisha akauweka chini. "Moyo wangu unasita. Ngoja nimwite Bi Mkasi."

Bi Mkasi alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja. Alishona nguo za watu miaka mingi, hadi macho yakachoka. Mdomo haukuchoka. Aliingia, akasalimia, akapima kiraka kimoja.

"Nani kasema mkate hivi?"

"Hesabu ni yangu, shangazi," alisema Fundi.

"Ndiyo maana. Nilidhani mnataka kutandika jikoni."

Aliunga viraka viwili kwa cherehani, akampa Fundi. "Pima."

"Thelathini na nane."

"Ishirini na ishirini ni arobaini. Mbili zimekwenda wapi?"

Fundi alipima tena. Futi haikubadili maneno.

"Zimeingia kwenye mshono," alisema Bi Mkasi. "Sentimita moja huku, moja kule. Wewe ukipanga vigae, unaacha nafasi katikati, na sakafu inaongezeka. Kitambaa ni kinyume. Mshono hula. Kila kiraka huliwa sentimita moja kila upande. Ukitaka kiraka cha ishirini, kata ishirini na mbili."

Fundi alihesabu kimoyomoyo. Kila kiraka kingebaki kumi na nane, na kwa urefu vilikuwa kumi.

"Mfarishi ungeishia sentimita mia na themanini," alisema polepole. "Miguu ya mama ingebaki nje."

"Na bluu ipo jora zima dukani. Mashati ya baba yako utayapata duka gani? Maji yakimwagika hayazoleki."

Fundi aliutazama mkasi juu ya mashati, akaogopa. Nusura wayaharibu.

"Nifundishe, shangazi."

"Eneo liache. Anza na upana wa kitambaa. Ni mia na ishirini. Toa pindo za kiwandani, toa na kitakachopungua kwenye maji. Hesabu mia na kumi. Ishirini na mbili inaingia mara ngapi?"

"Mara tano."

"Kwa hiyo kila safu inatoa viraka vitano. Unataka arobaini."

"Safu nane. Nane mara ishirini na mbili ni mia na sabini na sita."

"Usikimbie bado. Kitambaa kipya kikifuliwa hurudi, yaani hupungua. Na muuzaji huenda akakata upogo. Nunua mita mbili. Kifue, kipige pasi, ndipo ukate."

"Na mashati?" aliuliza mke.

"Hayo yamefuliwa miaka mingi, yalisharudi zamani. Pasi tu. Kata ishirini na mbili vilevile."

"Na hivi tulivyokwisha kukata?"

"Shoneni foronya. Fundi wetu atalalia hesabu yake."

Hata Fundi alicheka. Alirudi dukani mwenyewe, akanunua mita mbili. Kitambaa kilipofuliwa na kukauka, alikipima. Kilikuwa kimepungua sentimita nane, na bado kilitosha. Mke alikata viraka arobaini bila kukosa hata kimoja. Kisha akayakata mashati, mkono ukiwa umetulia. Kiraka kimoja alikiachia mfuko wake wa kifuani.

Mfarishi ulipokwisha, walimfunika mama. Ulifika ukingo huu na ukingo ule, ukapita miguu. Mama alipapasa viraka kimoja kimoja mpaka mkono ukaingia kwenye ule mfuko. Akauacha humo.

"Baba yako alikuwa mfupi, mwanangu," alisema. "Leo amenifikia mpaka miguuni."

Fundi alitaka kucheka, akajikuta analia. Mama alikuwa ameshapitiwa na usingizi.