Shoti katika Pijo ya Mzee Kwangu

Kila siku alipotoka shule, Dorah alitupa begi lake kwenye kiti cha gari bovu, akavaa ovaroli kubwa kama hema, na kuanza kazi kwa heshima zote za daktari bingwa. Mama yake, Rebeka, alikuwa fundi umeme wa magari pale Mwisenge, Musoma.

Alhamisi ile mgonjwa alikuwa Pijo ya Mzee Kwangu, mkulima wa pamba wa Bunda. Gari hilo lilimzidi umri mwalimu mkuu wa Dorah, na Jumamosi lingempeleka binti wa mzee Butiama kuolewa. Tatizo lilikuwa moja: kila taa zilipowashwa, fyuzi iliungua.

"Hii ni shoti," alisema mama. "Kuna waya umechubuka, unagusa bodi. Weka balbu hii mahali pa fyuzi, halafu tikisa nyaya, mmoja mmoja. Mwanga ukififia ghafla, hapo ndipo penyewe. Mimi nafika mtaa wa Mukendo mara moja."

Dorah alitikisa nyaya saa nzima. Balbu ilimkodolea jicho tu, na nje wenzake walikuwa wanacheza rede. Ndipo akaokota karatasi ing'aayo ya ndani ya pakiti ya sigara, akaikunja, akachomoa balbu na kuipachika mahali pa fyuzi. Taa zikawaka!

"Nimeipata," alimwambia mama aliporudi, kwa sauti ya mtu anayengoja nishani.

Mama akaziona taa zinawaka, akamwamini. Lukas, fundi kijana wa gereji, akafunga dashibodi na kumkabidhi mzee funguo.

Kesho yake jioni Pijo ilirudi ikivutwa kwa kamba. Mzee Kwangu alishuka, mkono umefungwa bandeji, nyuma yake wadogo zake wawili wenye fimbo.

"Nani alifunga dashibodi hii?"

"Mimi, mzee," alijibu Lukas.

Ngumi ilifika kabla ya maelezo. Lukas alianguka juu ya matairi, damu ikamtoka mdomoni. Fimbo zikamshukia begani na mgongoni, naye akawa anajipinda kama kamongo aliyetolewa majini.

"Gari limeshika moto nikiwa ndani! Nyie ndio mnaharibuga magari ya watu!"

Watu wakajaa. "Mwizi huyo!" mmoja alipaza sauti, ingawa hakujua lolote. Mwingine akainua jiwe. Dorah, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pipa, aliliona jiwe lile, miguu ikatoka mbio yenyewe.

"Si Lukas! Ni mimi! Niliweka karatasi ya sigara badala ya fyuzi!"

Fimbo iliyokuwa hewani ilishuka hata hivyo. Ilimpata mama yake, Rebeka, aliyekuwa amejitupa juu ya Lukas. Hakulia. Aliinyakua, akaivunja kwa goti.

"Haya, sasa apigwe nani? Mtoto?"

 Mwenye jiwe aliliweka chini taratibu, kana kwamba alikuwa amemshikia mtu tu.

Mzee Kwangu mwenyewe alimpeleka Lukas zahanati, akashonwa nyuzi nne mdomoni. Waliporudi, Dorah na mama yake walikuwa wameshabadilisha nyaya zilizoungua na kurudisha balbu. Dorah alitikisa, akatikisa, mpaka akafika nyuma ya redio ya gari. Mwanga ukafifia. Mpira wa tundu la kupitishia waya ulikuwa umeoza, na chuma kimekula koti la waya.

"Nisamehe, kaka Lukas," alisema, macho chini.

"Nisamehe na mimi, mwanangu," alisema Mzee Kwangu, akimvulia Lukas kofia. "Kesho harusini utaendesha wewe."

Lukas, mdomo umevimba, aliitikia kwa kichwa tu.

Waya ulipokwisha kufungwa utepe, mama alifungua boksi la fyuzi, akampa Dorah moja mpya aipachike kwa mkono wake.

"Fyuzi haikuungua ili kukuudhi," alisema. "Ilikuwa inakwambia ukweli, wewe ukainyamazisha, kisha ukanidanganya. Na wewe, mzee, ulipiga kabla ya kusikiliza. Nyote wawili hamkutaka kutafuta kosa lilipo, na aliyeshonwa mdomo ni mtu asiye na kosa lolote."