Sauti ndani ya Koo la Feza

Harufu ya nywele zilizoungua ndiyo iliyomshtua Marcelline kwanza. Katika chumba cha upasuaji hakuna aliyekuwa amewasha chochote. Mbele yake alilala Feza, mtoto aliyeangukia jiko la makaa mwaka uliopita, na kovu lilikuwa limemvuta kidevu hadi kifuani. Marcelline, muuguzi wa dawa ya usingizi, alitakiwa kumlaza bila kumkatia pumzi, kisha ampitishie mrija kooni ili daktari Polycarpe alifungue lile kovu.

Mtoto akalala. Marcelline akamsikiliza kifua. Pumzi zilikuwa mbili: moja nyepesi, ya mtoto, nyingine nzito, ya polepole, ya mtu mzima.

"Docta, kuko mutu mwingine humu," akanong'ona.

"Pitisha mrija, Marcelline. Oksijeni inashuka."

Akaingiza taa mdomoni. Njia ya hewa akaiona, lakini alipoikaribia ikajifunga. Akajaribu tena, ikajifunga tena, na midomo ya Feza ikaanza kugeuka buluu, na mlio wa mashine ukazidi kufifia, na kutoka kule ndani ambako mrija ulikataa kufika, sauti ya mwanamume ikasema taratibu, kama mwenye nyumba aliyeamshwa na wageni: "Hapa nakaa miye."

"Tumutoboe shingo, apumulie hapo," Marcelline akasema.

"Wapi? Kovu imefunika yote."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Usman, baba wa Feza, muuza vitenge kutoka mji wa Uvira. Alikuwa ameisikia ile sauti akiwa nje kwenye korido.

"Ni yeye," akasema. "Ndiye alimuita mutoto kwenye moto."

Hakuna aliyemzuia. Akainama, akasoma Ayatul Kursi sikioni mwa binti yake. Ile sauti ikacheka. Basi Usman akaacha kusoma, akausogeza mdomo wake wazi hadi kwenye mdomo wa mtoto.

"Muachie. Kuja kwangu."

Koo likafunguka. Mrija ukapita, kifua kikainuka, na wekundu ukarudi midomoni.

Upasuaji ulipokwisha na Feza akaamka akilia kwa sauti yake mwenyewe, Marcelline alitoka kwenda kumpa baba habari. Alimkuta kwenye benchi, ameuelekea ukuta.

"Papa Feza, mutoto anapumua muzuri."

"Najua," ikajibu ile sauti nzito.

Kisha mabega yakatikisika, na Usman mwenyewe, kwa pumzi ndogo iliyombakia, akamnong'oneza Marcelline bila kugeuka:

"Maman, Feza asinione. Mumuambie nimerudi Uvira."