Usizibe Matundu ya Dirisha

Milcah aliamka akiwa amechoka. Alipofungua mlango aliona masizi tena. Masizi kwenye nguo kambani, masizi kwenye ndoo ya maji, masizi kwenye madirisha yake meupe.

"Woi, hata leo?" akasema peke yake.

Jirani mmoja alikuwa amechoma shamba lake la miwa jana jioni ili wakataji waingie. Miaka ile sukari ilikuwa imechangamka. Watu walipanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni, na trekta zilipita na trela mchana na usiku. Lusweti, mume wa Milcah, aliendesha trekta mojawapo. Miwa ndiyo iliyomjengea nyumba ya matofali yenye madirisha ya fremu za plastiki, yale ya kusukuma pembeni. Fundi alitoka Kakamega mjini, akayatia, akabeba ngazi yake, akaenda zake. Hakumwambia mtu yanavyotunzwa.

Basi Milcah aliyaosha kama alivyojua. Alichukua jivu la jikoni, mchanga kidogo na waya wa kusugulia sufuria. Sufuria zake ziling'aa, kila mtu alizisifu. Lakini madirisha hayo, kadiri alivyosugua, ndivyo yalivyozidi kuwa ya kijivu.

"Bado ni machafu," alisema mama mkwe wake, Pascalia, akiwa amekaa kitandani. "Nyumba ya mwanangu inafanana na jiko."

Milcah aliokota ndoo yake. Mikono ilimuuma mpaka mabegani, na bado kulikuwa na maji ya kuchota na obusuma, yaani ugali, ya kupika.

Kulikuwa na jambo lingine. Chini ya kila dirisha kuna mfereji ambamo kioo huteleza. Ndani ya mfereji huo mlikuwa na matundu madogo yanayotokea nje. Milcah aliyaona siku ile walipohamia. Huku kwetu, mwanamke aliyelelewa vizuri akiona tundu ukutani, analiziba. Siafu watapita hapo, hata nyoka. Alikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, kama wa kukandika nyumba, akaziba matundu yote. Siku hiyo hata Pascalia alimsifu.

Kisha mvua ikaja, mvua kubwa ya alasiri. Maji yalijaa kwenye mfereji wa dirisha, yakakosa pa kwenda, yakamwagika ndani. Yalimwagikia kitanda cha Pascalia, naye amelala. Mama wa watu aliamka akiwa ameloa, anakohoa, anatetemeka.

"Kesho narudi kwa nyumba yangu!" akasema.

"Mama, ile nyumba itaanguka. Ukuta umeinama."

"Iniangukie. Wewe umechoka na mimi. Sema tu."

Milcah alimbadilishia nguo, akamfunika blanketi kavu, kisha akaenda jikoni akalia. Alilia kwa uchovu na kwa hofu. Ile nyumba ya zamani ingeweza kumuua mama huyu na kikohozi chake. Na watu wangesema nini? Wangesema Milcah alimfukuza mama mkwe wake wakati wa mvua.

Asubuhi Pascalia alifunga nguo zake kwa leso. Risper, jirani yao, alikuja kumpa pole. Risper alifanya usafi kwenye nyumba ya wageni ya kiwanda cha sukari, na huko madirisha yote yalikuwa ya plastiki. Alipapasa fremu kwa kidole.

"Mama Edah, unaoshanga hii na nini?" akamuuliza Milcah, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Jivu na mchanga. Kila siku! Tazama vidole vyangu. Halafu bado naambiwa mimi ni mchafu!"

"Wewe si mchafu. Unasugua sana. Plastiki si sufuria. Mchanga na waya vinaikwaruza, na masizi yanaingia kwa mikwaruzo. Ukisugua zaidi, inashika zaidi."

"Kwa hivyo najichosha bure?"

"Bure kabisa, dada yangu. Lete brashi laini, kitambaa cha pamba na sabuni ya kuoshea vyombo."

Walianza na dirisha la Pascalia, kabla jua halijalipiga, maana juani sabuni hukauka na kuacha madoa. Kwanza Risper alipangusa masizi makavu kwa brashi, polepole, bila maji.

"Ukimwagia maji masizi makavu, yanakuwa matope," alisema. "Sasa sabuni kidogo kwa maji ya vuguvugu. Pangusa, usikwangue. Kisha suuza kwa maji safi na ukaushe. Usitie jiki ya kufulia nguo nyeupe, wala petroli, wala tina ya kuchanganyia rangi. Zinaharibu plastiki na ule mpira mweusi wa kando ya kioo."

Kisha aliangalia kwenye mfereji akashika kiuno.

"Ai! Nani aliziba hapa?"

"Mimi. Kwa sababu ya siafu."

"Mama Edah! Hii ndiyo njia ya maji. Mvua ikipiga kioo, maji yanashuka hapa, yanatoka nje kwa haya matundu. Umeyafungia mlango, yakaenda kwa kitanda."

Walilainisha udongo kwa maji, wakautoa kwa mswaki wa zamani na njiti ya ufagio. Risper alimimina kikombe cha maji kwenye mfereji. Maji yalitoka nje, yakachirizika ukutani kuelekea chini.

Pascalia alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake.

"Mwaga tena," akasema.

Risper akamwaga tena. Ndani hapakuingia hata tone.

"Kuziba matundu," Pascalia akasema polepole, "mimi ndiye nilimsifu."

"Mikwaruzo haitatoka," Risper akamwambia Milcah. "Hiyo zoea. Lakini usioshe yote kila siku. Dirisha moja leo, lingine kesho. Na matundu uyaangalie kila mwezi, na kabla mvua hazijaanza."

Alasiri mvua ilirudi kwa nguvu. Milcah alikaa kitandani kwa mama mkwe wake, macho kwenye dirisha. Maji yalipiga kioo, yakashuka, yakatoka nje. Alingoja. Godoro lilibaki kavu. Akaegemeza kichwa ukutani kidogo tu, apumzike.

Lusweti aliporudi kutoka kazini, aliita kutoka sebuleni.

"Milcah! Chakula kiko wapi?"

Pascalia alitoka chumbani haraka. Mzigo wake ulikuwa umefunguliwa, na leso ile alikuwa amemfunika mke wa mwanawe miguuni.

"Punguza sauti," alisema. "Msichana wangu amelala. Keti, nitakupikia mimi."